Kuzunguka Uwanja wa Ndege wa Wakati wa Vita: Mwongozo wa Matembezi ya Kundi, Nakuru na Kisumu

Neno la kushika ni hilo la "kuzunguka". Viwanja vya ndege vya Vita Kuu ya Pili havingojei wageni kama bustani. Vingine vimebaki mikononi mwa jeshi, vingine ni viwanja vya raia vinavyotumika hadi leo, na vingine vimekatwa mashamba ya ekari mbili tatu, watu wamejenga, wamelima na kuwazika wazazi wao humo. Matembezi mazuri hupita pembeni, kwenye barabara za umma na vijia vilivyoombewa ruhusa. Kazi kubwa ya anayeongoza huwa imekwisha kabla ya mtu wa kwanza kufunga kamba za viatu.

Unazunguka nini hasa

Mwaka 1941 Jeshi la Anga la Uingereza lilihamishia Nakuru kitengo chake cha mafunzo nambari 70 kutoka Ismailia, Misri. Hapa marubani waliokwisha kujua kuruka walifundishwa kupigana kwa Blenheim, ndege ya mabomu ya injini mbili iliyobeba watu watatu: rubani, mwongoza njia aliyelenga pia mabomu, na fundi wa redio aliyeshika bunduki ya mgongoni. Nakuru ilikuwa mbali na mapigano, na mwanafunzi aliyepotea hewani hakuwa na adui wa kumvizia. Lakini mji uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni kama robo tatu na ziada ya ile ya Mombasa. Injini hupata pumzi kidogo, bawa hushika hewa kidogo, ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Ndiyo maana ardhi iliyotafutwa ilikuwa ndefu, tambarare na isiyo na kilima mbele. Waeleze wageni wa Pwani jambo hilo mapema. Wataelewa kwa nini wao pia wanahema kwenye kilima kidogo.

Kisumu ni habari nyingine. Kuanzia 1937 ndege kubwa za Imperial Airways zenye matumbo ya mashua zilitua juu ya maji ya Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria, zikitoka Uingereza kwenda Durban. Italia ilipoingia vitani Juni 1940 na njia ya Mediterania ikafungwa, mrithi wa shirika hilo, BOAC, alifungua njia yenye umbo la kiatu cha farasi kutoka Durban hadi Sydney, na Kisumu ilikuwa kituo kimojawapo. Kwa hiyo ukipanga matembezi Kisumu, ziwa lenyewe ndilo lililokuwa njia ya kurukia. Hutakuta lami wala saruji ya kukanyaga. Panga safari ya ufukweni, tangu upande wa bandari na reli hadi Dunga, na uwape watu sehemu za kusimama ambako ghuba inaonekana kwa upana. Uwanja wa ndege wa leo uache na uzio wake. Usiku na alfajiri viboko hupanda kula majani, basi usianze kabla jua halijatoka vizuri. Mtu asiingize miguu majini, kwa sababu ya kichocho.

Sehemu iliyobaki ya mwongozo huu inaitazama Nakuru zaidi, maana huko ndiko kwenye ardhi ya kusoma.

Hatua ya kwanza: ramani, ukiwa bado nyumbani

Tafuta ramani ya Upimaji wa Kenya ya kipimo cha 1:50,000. Sentimita mbili juu yake ni kilomita moja ardhini. Iweke kando ya picha za setilaiti, na kwenye picha hizo rudi nyuma miaka uwezavyo, hasa picha za Januari na Februari. Udongo ulioshindiliwa kwa magurudumu na roli haushiki maji vizuri. Ukame ukianza, nyasi na mahindi yaliyo juu yake hunyauka kwanza, na mstari uliofichika miaka yote hujitokeza wenye rangi ya kahawia. Wakati wa mvua kila kitu ni kijani na huoni lolote.

Tafuta mambo manne. La kwanza ni mstari ulionyooka unaokaribia kilomita moja au zaidi, usioelekea mjini, mtoni wala sokoni. La pili ni mipaka ya mashamba inayokaa mshazari ukilinganisha na mashamba jirani: mpimaji aliyegawa ardhi alifuata kitu kilichokuwepo kabla yake. La tatu ni mstari wa pili unaoukata ule wa kwanza kwa pembe. Viwanja vingi vya wakati ule vilikuwa na njia mbili au tatu, kwa kuwa ndege nyepesi za zamani hazikuvumilia upepo wa ubavuni. La nne ni safu za mikaratusi au mkonge zinazoanza na kuisha bila sababu.

Mstari mmoja peke yake usikupumbaze. Njia za nyaya za umeme, za mabomba na barabara za mashamba ya masetla nazo hunyooka. Ukipata dalili mbili kati ya hizo nne mahali pamoja, weka alama. Ukipata moja, nenda ukaone kwanza.

Sasa chora mzunguko wa kilomita 8 hadi 10 unaofuata barabara za umma tu. Weka alama tatu mahali gari au boda inaweza kufika kumchukua aliyeshindwa, na hakikisha hakuna pahala utakuwa zaidi ya kilomita 2 kutoka alama mojawapo.

Halafu kuna jambo lisilo na mjadala. Lanet, pembeni mwa mji wa Nakuru, ni eneo la jeshi. Chuo cha Kijeshi cha Kenya kiko huko, na uwanja wa ndege uko katika mazingira hayohayo. Mzunguko wako usifuate uzio. Mahali ambapo barabara ya umma inapita karibu, kundi linapita upande wa pili wa barabara, halisimami, halinyooshi vidole, na simu zinakaa mfukoni. Kidroni kibaki nyumbani. Hata mbali na jeshi, huruhusiwi kukirusha bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ukimwona mwanakundi anapiga picha ya lango, mwambie aifute mbele yako, papo hapo, kabla hajaambiwa na askari.

Hatua ya pili: kukagua njia mara mbili

Mara ya kwanza nenda majuma mawili kabla, mkiwa wawili. Mara ya pili nenda siku mbili kabla, saa ileile mtakayotembea. Sababu ya mara ya pili ni rahisi: ua hujengwa kwa siku moja. Kijia kilichokuwa wazi Jumamosi hufungwa kwa seng'enge Jumatano.

Pima kwa hatua. Kabla ya kuondoka, tembea mita 100 zilizopimwa kwa tepu na uhesabu hatua zako. Watu wengi hupata kati ya 130 na 150. Hesabu hiyo ndiyo utakayotumia kupima urefu wa mstari unaoushuku. Simu nayo ina kipimo, lakini kwenye mistari mifupi hukosea kwa mita kadhaa, na betri huisha.

Andika katika daftari mbwa wako wapi na wamefungwa au la, kalavati zipi zimebomoka, choo kinachoweza kuombwa kiko wapi (kituo cha mafuta, kanisa, shule siku isiyo ya masomo), na mahindi yamefika kimo gani. Hilo la mahindi ndilo wengi hulisahau. Kati ya Julai na Septemba mahindi ya Nakuru yamempita mtu kichwani, na kundi litatembea kilomita nane katikati ya kuta mbili za kijani bila kuona chochote. Miezi bora ni Januari na Februari, mavuno yakiwa yameisha na shamba li wazi. Adha yake ni vumbi. Machi hadi Mei ni masika, achana nayo.

Angalia pia ardhi yenyewe. Udongo wa Nakuru ni majivu ya volkano, mwepesi, na maji huula kutoka chini. Baada ya mvua kubwa nyufa hufunguka na mashimo hutokea chini ya ganda jembamba la juu. Ukiona mstari wa udongo uliozama, hata kwa kina cha kiganja, usipitishe watu juu yake. Zunguka.

Hatua ya tatu: ruhusa

Anza na chifu wa lokesheni, au naibu wake. Mpelekee barua ya ukurasa mmoja: jina la kundi, idadi ya watu, tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, njia mtakayopita pamoja na mchoro wake, na nambari ya simu ya viongozi wawili. Nakala moja ipeleke kwa mkuu wa kituo cha polisi cha eneo hilo. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka taarifa ya angalau siku tatu kwa maandamano na mikutano ya hadhara. Ninyi hamwandamani, lakini watu ishirini wanaotembea pamoja karibu na kambi ya jeshi huulizwa maswali, na barua yenye muhuri hujibu haraka kuliko maneno. Ichapishe nakala tatu, kila kiongozi awe na yake. Fulana za rangi ya chama chochote cha siasa, mabango na vipaza sauti viache.

Kisha nenda kwa wenye mashamba mmoja mmoja, ukitambulishwa na mzee wa nyumba kumi. Simama langoni, piga hodi, ngoja. "Habari za asubuhi, mama. Sisi ni kikundi cha matembezi, tumetumwa kwako na mzee wa hapa. Tungependa Jumamosi tupite kwenye kijia hiki cha pembeni, watu kumi na wanane, dakika tano tu. Hatutaingia shambani." Taja siku, idadi na muda. Asiyetajiwa idadi hukubali akidhani mko wanne.

Usimuulize mwenye shamba habari za uwanja wa ndege kabla hujapata ruhusa. Maswali ya mipaka ya zamani humfanya mtu adhani umekuja kwa ajili ya hatimiliki. Huko Nakuru, ambako mashamba ya masetla yalinunuliwa na kampuni za ununuzi wa ardhi kisha yakagawanywa, hofu hiyo ina msingi. Ukishakubaliwa, eleza unachotafuta. Wengi watakuonyesha wenyewe bamba la saruji lililo chini ya zizi lao. Chukua hadithi kwa kipimo, lakini. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1943 amepita tisini sasa, na utakayoyasikia mara nyingi ni ya mkono wa pili. Kila jengo la mawe la zamani huitwa "la Mtaliano", kwa kuwa wafungwa wa vita wa Italia walijenga kwingi, na kanisa lao dogo la 1942 bado liko kwenye barabara ya Mai Mahiu. Si kila jiwe lakini ni lao.

Hatua ya nne: watu na mizigo

Kundi liwe la watu 12 hadi 20. Wakizidi ishirini, gawa mawili na yapishane kwa nusu saa. Viongozi ni watatu: wa mbele anajua njia, wa nyuma hapitwi na mtu yeyote, wa katikati anabeba dawa. Kosa linalojirudia ni kumweka mbele kijana mwenye nguvu. Mpe nafasi hiyo mtu wa mwendo wa wastani, la sivyo kundi litarefuka nusu kilomita ndani ya dakika ishirini.

Kila mtu abebe lita 2 za maji, kofia pana, shati la mikono mirefu na viatu vilivyofungwa. Sandali hazifai kwa sababu ya misumari, vioo na mabati yaliyozikwa. Mko chini ya nusu digrii kutoka ikweta, juu ya uwanda wa juu, na jua linachoma hata siku ya mawingu. Chakula kiwe cha mkononi: mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi, njugu. Kiongozi wa katikati abebe bandeji pana mbili za kunyumbulika, plasta, glovu, dawa ya kusafisha vidonda, chumvi za kurudisha maji mwilini, filimbi na chaji ya akiba ya simu. Fulana mbili zinazong'aa zivaliwe na wa mbele na wa nyuma.

Andikisha majina, nambari ya ndugu wa kupigiwa, na magonjwa ya kujua: pumu, kisukari, kifafa, mzio wa nyuki. Karatasi hiyo ishikwe na mtu mmoja, ichanwe jioni ya siku hiyohiyo.

Hatua ya tano: siku yenyewe

Kutaneni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanze saa moja kamili. Kundi lenye kusimama na kutazama huenda kilomita 3 kwa saa, kwa hiyo kilomita 9 ni mwendo wa saa tatu, ongeza saa nzima ya vituo. Mtamaliza saa tano, kabla ya jua la utosi na mvua za alasiri.

Hesabu watu mnapoanza, baada ya kila lango, na baada ya kuvuka kila barabara kubwa. Barabarani tembeeni upande wa kulia, magari yakiwakabili, mmoja nyuma ya mwingine. Kuvuka barabara ya Nairobi–Nakuru tumieni daraja la miguu au kivuko. Pasipo na kimoja, simameni bega kwa bega mkiitazama barabara na mvuke wote kwa pamoja kama mstari mmoja. Kundi linalovuka kwa foleni hukatika katikati, na waliobaki hukimbia ili wawafikie wenzao. Hapo ndipo ajali ilipo.

Kusoma ardhi

Kwenye kituo cha kwanza wape watu kazi: nani ataona upepo unatoka wapi? Ndege huruka na kutua ikiukabili upepo, kwa hiyo mstari mkuu wa uwanja hufuata upepo wa kawaida wa pale. Shika dira, soma mwelekeo wa mstari mlio karibu nao, gawa kwa kumi. Mstari wa digrii 120 huitwa 12, na ukiutazama kutoka ncha ya pili ni 30, yaani digrii 300. Hesabu hiyo huwafurahisha watoto kuliko hotuba yoyote.

Kisha tazameni chini. Njia ya udongo ya kurukia haikuwa bapa kabisa: iliinuliwa kidogo katikati ili maji yamwagike pande zote mbili, na mitaro ya kina kifupi ilichimbwa kandokando. Mtaro uliojaa udongo hubaki kama bonde la kiganja au viwili, na majani yake huwa mabichi kuliko ya jirani. Ukikuta mabonde mawili ya namna hiyo yanakwenda sambamba, yameachana makumi ya mita, na katikati pameinuka kidogo, umesimama juu ya kitu kilichotengenezwa. Barabara ya gari haihitaji upana huo.

Bamba la saruji lisome kwa ukingo wake. Sakafu ya nyumba ya kulala ni nyembamba na ndefu, na huwa na safu ya matundu ya nguzo. Sakafu ya karakana ni nene, na pengine ina mfereji wa kumwagia mafuta. Pete ya chuma iliyozamishwa kwenye saruji yaweza kuwa ya kufungia ndege isipeperushwe na upepo. Yaweza pia kuwa ya kufungia ng'ombe, imewekwa 1975. Tazama kutu na aina ya kokoto kabla hujatangaza. Lundo la udongo lenye umbo la herufi U, mdomo mmoja wazi, huenda likawa kinga ya ndege dhidi ya vipande vya bomu. Ndege zilitawanywa mbalimbali ili bomu moja lisizichome zote, kwa hiyo dalili za namna hii huwa mbali na mstari mkuu, hata nusu kilomita.

Msichimbe. Msiinue jiwe wala bati. Chini yake hukaa kifutu, nyoka mnene anayelala tuli hadi akanyagwe, na kando ya majengo ya zamani kuna mashimo ya vyoo na visima vilivyofunikwa kwa mbao zilizooza.

Chuma usichokijua

Uwanja uliofundishia kurusha mabomu si mahali pa kuokota vyuma. Kitu chenye umbo la chupa, bomba lenye mapezi, au risasi hata iliyooza kwa kutu, kinaweza kulipuka baada ya miaka themanini. Kutu hukifanya kisitabirike. Kiongozi wa mbele apige filimbi mara tatu, kila mtu asimame alipo, mrudi kwa nyayo zenu zilezile hadi mita 100. Wekeni alama mahali hapo kwa kitambaa juu ya kichaka, mbali na kitu chenyewe, kisha pigeni 999 au 112. Msikitupie jiwe, msikimwagie maji, msikipige picha kwa karibu. Na mkikuta watoto wa pale wanakichezea, wakalisheni chini mbali nacho na mumtafute mzazi kabla ya yote.

Mambo yanayoharibika

Radi: mkiisikia ndani ya sekunde 30 baada ya kumweka, mko karibu mno. Uwanja tambarare ndio mahali pabaya zaidi kuwa, na mti wa peke yake ni mbaya vilevile. Tokeni, ingieni nyumba ya ukuta au gari, msubiri nusu saa baada ya mngurumo wa mwisho.

Aliyeumwa na nyoka: mlazeni, vueni pete na saa, tulizeni kiungo kwa kijiti na bandeji isiyobana, mpeleke hospitali kwa gari. Hakuna kuchanja, kufyonza wala kufunga kamba.

Aliyepotea: wa nyuma arudi hadi lango la mwisho mlipohesabu, wengine wakae. Kundi zima likianza kutafuta, mtapotea wawili.

Mwenye shamba aliyebadili mawazo: shukuruni, geukeni. Msioneshe barua ya chifu kana kwamba inamshinda. Haimshindi.

Nyongeza kwa wenye muda

Gilgil, kama kilomita 40 kutoka Nakuru kwenye barabara ya Nairobi, kuna makaburi ya vita yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Nendeni kwa gari baada ya chakula, mkae nusu saa. Someni tarehe na umri kwenye mawe, mtaona wengi walikuwa vijana. Sauti ziwe chini, chakula kibaki garini, na daftari la wageni mkilikuta, kila mtu aandike mwenyewe.

Juma linalofuata mrudie chifu na kila mwenye shamba mliyepita kwake, mmpelekee picha moja iliyochapishwa ya kijia chake na mchoro wa mlichokiona. Kama mlivunja ua au kukanyaga mche, hiyo ndiyo siku ya kulipa, kabla hujaulizwa.